Siku Waliyochoma Muziki wa Mwamba

Kaseti ikiungua hunuka vibaya kuliko gurudumu, na nikisema hivyo naomba niaminiwe, kwa sababu nimezaliwa Malaba na magurudumu nimeyanusa yakiungua tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Gurudumu likiungua unakohoa, unatema mate, yamekwisha. Harufu ya kaseti ni tamu mwanzoni, utamu wa kuchefua, kisha inaganda kooni na kukaa papo hapo. Unakunywa chai, ipo, unapiga mswaki, ipo. Hata utepe wenyewe hauwaki kwa heshima. Unajikunja na kujinyonga, unadondosha matone meusi, na mwisho unaacha kitu chini ambacho hata mbwa wa Malaba, ambaye hula kila kitu, anakipitia mbali. Nilisimama mbele ya moto wa namna hiyo nilipotimiza miaka kumi, siku yangu ya kuzaliwa, nimevaa gauni la kanisani, na tangu hapo mimi na tarehe ile hatupatani. Tarehe yenyewe siitaji. Wanafunzi wangu wakiijua wataninunulia keki, nami keki ya siku hiyo hainipiti kooni.

Kila mwaka tarehe hiyo ikifika, simu yangu huanza kunitumia upuuzi. Siku kama ya leo katika historia ya muziki wa roki, inasema, mpiga gitaa fulani alizaliwa, bendi fulani ilivunjika kwa ugomvi, rekodi fulani ilitoka ikawapagawisha watu wa nchi saba. Chini yake kuna picha za wanaume wenye nywele ndefu na suruali za kubana. Nilibonyeza habari hizo mara moja tu, kwa ajili ya baba yangu, na simu ikaamua kwamba huo ndio ugonjwa wangu. Basi nasoma orodha yote mpaka mwisho, halafu natema, ptu! Hao wazungu hawajanikosea lolote. Kinachonitapisha ni kwamba orodha ile ina pengo. Kuna jambo lilitokea tarehe hiyo hiyo nyuma ya kanisa moja la Malaba, kando ya reli, na sababu yake halisi niliijua mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani, nami nikaifungia mdomoni mpaka nywele zikaanza kuota mvi.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara kuu, pale ambapo foleni ya malori ya kuvuka kwenda Uganda ilikuwa ikisimama siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki nzima. Watu wa Nairobi hupenda kutuhadithia habari za mpaka, eti ni mahali mataifa yanapokumbatiana. Foleni ile ilinuka, hiyo ndiyo habari yake. Madereva waliokosa maji ya kuoga, utingo waliojisaidia katikati ya magurudumu, magunia ya dagaa wa omena yaliyolowa, dizeli, mapera yaliyooza. Na mvua ikinyesha yote hayo yaliteremka mtaroni mpaka mlangoni pa kibanda, nasi tuliruka mawe kuingia. Hata hivyo nilipapenda, maana ndani kulikuwa na baba. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyezungumza na redio kuliko na watu. Aliifungua redio ya mtu, akainama na kuiuliza, "Haya mama, unaumwa wapi?" Ikishapona, hakuijaribu kwa taarifa ya habari kama mafundi wengine. Aliipigia magitaa makali ya roki, sauti juu mpaka mwisho, akasikiliza kama kuna mahali inakwaruza. "Spika ikivumilia hii," alikuwa akiwaambia wenye redio, "itavumilia hata hotuba ya DC."

Saa nne asubuhi kazi ilisimama. Saa hiyo kulikuwa na stesheni moja ya ng'ambo, kwenye mawimbi mafupi, iliyosoma mambo yaliyotokea siku kama hiyo katika muziki wa roki. Sauti ilikuja na kupotea, kwa hiyo baba alishika waya wa eriali kwa mkono mmoja, ameuinua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na kwa mkono wa pili aliandika. Alikuwa na daftari nene ambalo kila tarehe ya mwaka ilikuwa na ukurasa wake. Kipindi kikiisha, aliwatafsiria waliokuwapo, yaani madereva wasio na pa kwenda na Mama Nafula, aliyeuza mahindi ya kuchemsha mlangoni pa kibanda. "Siku kama ya leo," baba alianza, "kule Uingereza alizaliwa mpiga gitaa mmoja. Mamake alitaka awe karani wa posta." Mama Nafula alifunika sufuria yake. "Na sasa huyo mamake anasema aje?" Baba akajibu, "Hasemi kitu. Amejengewa nyumba." Mama Nafula akatafakari. "Basi mzee, hiyo gitaa si mbaya." Kwenye ukurasa wa tarehe yangu, chini ya wote waliozaliwa na waliokufa huko kwao, baba alikuwa ameandika kwamba siku kama ya leo, hapa Malaba, binti yake alizaliwa akalia kuliko honi ya garimoshi. Nilijua kusoma, na niliusoma mstari ule mara nyingi sana. Niliamini kabisa kwamba siku moja mawimbi yakitulia, yule mtangazaji wa ng'ambo angenitaja.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, mvua za masika zilipoanza, lori moja la watalii lilikwama kwenye foleni. Walikuwa wazungu vijana, pua zimebambuka kwa jua, wakielekea Uganda kutazama masokwe. Chombo chao cha kaseti kilikuwa kimekufa. Baba alikifungua, akatoa ndani yake vumbi la nusu ya Afrika, akakirudishia uhai siku hiyo hiyo. Walifurahi hivi kwamba walimwachia bati la biskuti lililojaa kanda kumi na nne, kila moja imeandikwa kwa kalamu: ROCK 1, ROCK 2, mpaka kumi na nne. Sijawahi kumwona mtu mzima akishika kitu namna ile. Alizitoa, akazipanga, akazirudisha, akazitoa tena. Wiki hiyo redio za Malaba zilipona haraka ajabu, kwa sababu baba alitaka kuzijaribu.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu. Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametuandikia ubaoni maneno ya kukariri pamoja na maana zake: jiwe, mchanga, mwamba. Kwa hiyo nilijua kwamba rock ni mwamba, nilikuwa nimepata alama zote, na nilijivuna. Jumapili iliyofuata, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, dada mmoja mwembamba aliyeitwa Rispa, alituuliza nyumba zetu humtukuza Mungu vipi siku za kazi. Mmoja akasema kwao huomba kabla ya kula. Mwingine akasema nyanya yake hufunga Ijumaa. Mimi nisishindwe, nikasimama nikasema, "Baba yangu hupiga muziki wa Mwamba kutwa nzima." Dada Rispa akaweka mkono kifuani. Kanisani petu Mwamba alikuwa mmoja tu. Tuliimba Mwamba, tuliomba kwa Mwamba, mchungaji alipiga meza akauliza, "Mmesimama juu ya nini?" nasi tukajibu, "Mwamba!" mpaka mabati yakalia. Nilijua maana hiyo pia, sikuwa mjinga. Lakini sikuona kwamba nimedanganya, maana nilikuwa nimetafsiri tu. Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Busia, na mwanafunzi akinitafsiria neno kwa neno huwa nakata alama bila huruma. Wananiona mkali, nao wako sahihi.

Jumanne mchungaji akaja kibandani mwenyewe, viatu mkononi kwa sababu ya mtaro. Nilikuwa nimeketi juu ya kreti, nilisikia yote. "Fundi, kumbe una kanda za Mwamba na hutuambii?" Baba alikuwa ameingiza kichwa ndani ya redio. Yeye kanisani alikuwa akilala, kwa hiyo alidhani Mwamba ni Kiswahili tu cha roki, kwamba mchungaji, mtu wa kusoma, ana maneno yake sanifu. "Za Mwamba ninazo, mchungaji. Kumi na nne. Mwamba safi kutoka ng'ambo." Mchungaji akasogea. "Na hao walioimba, wameokoka?" Baba akatoa kichwa, akafikiri, akijaribu kukumbuka daftari lake. "Wengine waliokoka, wengine walikufa. Ile kazi yao ina hatari." Mchungaji akafumba macho. "Ina hatari kweli, ndugu yangu. Kubeba msalaba si mchezo." Nami niliyezijua maana zote mbili nilikaa juu ya kreti nikala mahindi yangu. Niliona kuna kitu hakikai sawa. Lakini watu wazima wawili walikuwa wakifurahi kwa sababu ya neno langu, na hilo si jambo la kila siku kwa mtoto wa darasa la nne.

Kwa Jumapili tano kanisa letu liliabudu kwa roki. Ninasema ukweli mtupu. Baba alifunga kipaza sauti juu ya mlango, kanda zikapigwa watu wakiingia na wakati wa kutoa sadaka. Maneno hakuna aliyeyasikia, kwani wewe umewahi kuelewa yule mtu anapiga kelele gani? Lakini gitaa lililia, na watu wetu wanajua kilio. Akina mama walifunga leso viunoni wakacheza. Bibi mmoja mwenye matege, ambaye miaka yote alikuwa akilala kwenye mahubiri, aliangukiwa na Roho katikati ya gitaa refu la ROCK 6, akabebwa nje akitabasamu. Mchungaji alisema hajawahi kuona upako wa namna hiyo. Na mama yangu, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akimwonea haya mume wake kwa vile mikono yake haikosi grisi na kwenye ibada hulala, sasa alitembea naye bega kwa bega kutoka nyumbani mpaka kanisani. Nilikuwa nikiwafuata nyuma, nikitazama mikono yao ikigusana. Mama Nafula, Mkatoliki wa watu, alikuwa akituona tukipita, anacheka mpaka machozi, na hakuna aliyemuuliza anacheka nini.

Jumapili ya sita ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, na ilikuwa na mgeni. Mhubiri huyu alitoka ng'ambo ya mpaka, amevaa suti ya rangi ya maziwa, amesoma chuo cha Kiingereza kitupu. Vikapu vya sadaka vilikuwa vikizunguka na ROCK 9 ilikuwa ikilia. Nilimwona akiinua kichwa. Alikunja uso, akasikiliza, kisha akainuka kwenye kiti chake cha heshima, akaenda kwenye mashine akaizima kwa kidole chake mwenyewe. "Ninyi mnajua huyu anaimba nini?" Dada Rispa akajibu kwa furaha, "Anaimba Mwamba, mtumishi." Mgeni akamgeukia. "Anaomba aletewe pombe," akasema, "na mke wa jirani asimwambie mumewe." Yule bibi wa matege alijifunika leso usoni, akaanza kulia kwa sauti ndogo ya aibu.

Hapo ndipo mtu aliyeitwa kwa jina la mchungaji angesema neno moja tu: nimekosa. Wapi! Nilimwona akitafuta pa kutupia, macho yanazunguka, mpaka yakamwangukia baba. "Tumedanganywa," akasema. "Nyumba ya Mungu imeingizwa pombe, na aliyeiingiza ameketi hapa." Baba akasimama, kofia mkononi. "Mchungaji, uliniuliza kama ni ya Mwamba. Nikasema ndiyo. Mimi nilidhani hilo neno ni lako." Sauti yake ilikuwa ya upole tu, kana kwamba anaieleza redio. "Langu?" Mchungaji alifoka. "Mimi nililipata kwa nani kama si kwenu?" Dada Rispa akakumbuka, masikini, akanielekezea kidole. Nikavutwa mbele. Mchungaji aliinama mpaka uso wake ukafika kwangu. Alikuwa amekula mayai, na harufu yake ningali ninayo. "Nani alikufundisha kuuita uchafu huu kwa jina la Mungu?" Nikamtazama baba. Hakuwa na hofu hata kidogo. Nadhani alikuwa karibu kucheka, kwa sababu ndipo tu alipotambua neno lilikotoka. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemwona msichana akishikwa mikono na miguu na wanawake wanne, anatolewa pepo, amekabwa mpaka macho yamemtoka. Nilimwona huyo msichana akilini, nikaona wale wanawake wanne wameketi safu ya mbele. Ninaeleza, sijitetei. Nikasema, "Ni baba."

Vijana walikimbia kibandani wakavunja kufuli. Walirudi na bati la biskuti, na kwa bidii yao ya kishenzi wakaleta pia daftari. Mchungaji alilifungua, akaona tarehe zimepangwa mwaka mzima, na kila tarehe ina majina ya watu na siku waliyokufa. "Mwaona?" akasema. "Kitabu cha uganga." Kefule! Mtu mzima, tena msomi wa Biblia, anasoma mtu alizaliwa, mtu akafa, bendi ikavunjika, anaona uganga. Nilijua ukurasa wangu umo humo ndani. Wakavitupa vyote nyuma ya kanisa upande wa reli, wakamwaga mafuta ya taa, na mchungaji akaagiza kwaya iimbe. Mama yangu akatoka mbele akaianzisha. Sauti yake haikutetemeka. Wale wale waliocheza na leso viunoni Jumapili iliyotangulia wakacheza tena, kuuzunguka moto sasa, na hatua zilikuwa zile zile, sikuona tofauti hata ya mguu mmoja. Baba alisimama pembeni na kofia yake, hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemsemesha. Halafu, moshi ule ukiwa bado umewajaa nguoni, waliingia ndani kumla kuku wa mgeni. Nilimwona mchungaji akiuvunja mfupa, mafuta yanamtiririka kidevuni, anacheka. Nilitoka nikatapika relini.

Watu wa Malaba waliacha kumletea baba redio. Walisema zikipita mikononi mwake zitashika stesheni za kuzimu. Madereva walimbakia kwa muda, kisha akahamia Busia mjini ambako watu hawakumjua, akatengeneza redio, baadaye simu. Kazi ilipatikana, njaa hatukulala nayo. Ila hakununua kanda nyingine, na saa nne ikifika alizima redio akaenda kunywa chai. Hakuniuliza hata siku moja. Mama naye alimpikia, alimfulia, na hakuketi naye tena kwenye benchi moja kanisani. Aliamini kwamba mume wake alimfanyia Mungu mzaha, na akamfanya yeye kichekesho mbele ya kwaya yake. Aliliamini hilo mpaka alipofariki. Siku za mwisho hospitalini mimi ndiye niliyemwosha miguu, kila asubuhi, tukiwa wawili tu, na kila asubuhi neno lilifika kwenye meno likarudi. Nilijiambia nitamuumiza mgonjwa. Uongo! Nilijihurumia nafsi yangu. Watu husema mtoto ni malaika. Malaika gani? Na huyu mtu mzima wa miaka arobaini aliyeshika kitambaa cha kuoshea, yeye mtamwita nani? Waliosema ulimi hauna mfupa walimsema anayeropoka. Mimi wangu ulikuwa na mfupa siku zote nilizoutaka ulainike.

Sasa nendeni mkalione kanisa lile. Mabati hakuna tena. Kuna vigae, milango ya vioo, runinga mbili kubwa ukutani, ngoma zimefungiwa ndani ya boksi la plastiki kama samaki wa mapambo, na magitaa matatu ya umeme. Kuna hata mashine ya kutoa moshi. Vijana wanaruka, nywele zimesukwa, suruali zimebana, na barabarani wametundika bango lililoandikwa ROKI YA INJILI kwa herufi ambazo dereva wa lori anazisoma akiwa bado mji jirani wa Amagoro. Mchungaji ni yule yule, isipokuwa sasa ni askofu na ana pete. Siwachukii vijana, wanapiga vizuri, na Mungu kama ana masikio nadhani hajali. Kinachonichafua roho ni urahisi wake. Hawakusema walikosa, hawakumwomba mtu msamaha, gitaa lile lile lililokuwa la shetani walilipaka rangi, wakaliombea, wakaliingiza kwa mlango wa mbele. Mwaka huu askofu akanipigia simu. Kanisa lina sikukuu ya muziki, akasema, na wangependa kumheshimu mzee wangu kama mwanzilishi wa muziki wa Mwamba hapa Malaba. Alisema Mwamba bila hata kukohoa. Na tarehe waliyoichagua ilikuwa ile ile, wala hakujua. Nilitaka kumtukana. Lakini nilipomwambia baba, akachangamka kwa furaha. "Twende. Nataka kuona amplifaya zao."

Tukaenda. Baba aliketi mbele, mikono magotini, macho kwenye vyombo. Askofu alisimulia kwamba zamani, wengine wakiwa bado gizani, mzee huyu aliuona mwanga wa muziki huu. "Nasi kwa uchanga wetu," akasema, "tulimkosea kidogo." Kidogo! Watu wakacheka kwa upendo. Akamvika blanketi. Kisha nikapewa kipaza sauti nitoe shukrani za familia. Sikuwa nimepanga, lakini nikajua kwamba nisiposema hapo sitasema. Nikasema neno Mwamba lilikuwa langu, nililitafsiri mimi. Nikasema baba hakumdanganya mtu, kwamba niliulizwa mbele ya kanisa hili nikadanganya kwa kuogopa, mkachoma mali yake, na mama yangu akaenda kaburini akimdhania ubaya mume wake. Nilipotua kuvuta pumzi, nikasikia kinanda. Kijana alikuwa amenianzishia muziki laini chini ya maneno yangu, kama wanavyofanya siku hizi mtu akitoa ushuhuda. "Ameni!" mtu akapaza sauti. "Sema, mama!" Nikarudia kwa nguvu, "Nilidanganya!" na kanisa zima likajibu, "Ameni!" Askofu akaninyang'anya kipaza sauti, machozi yanamlenga, akasema mpigieni Bwana makofi, wakapiga. Moshi ukatolewa. Wakati wangu wa utoto, neno moja la mtoto lilitosha kuwasha moto, na walilisikia vizuri sana. Leo nimeungama mbele ya watu mia kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

Baada ya ibada tulitembea taratibu kwenda kutafuta gari la kuturudisha Busia. Malori yalikuwa yakipita, na baba alilikunja blanketi lake kwa uangalifu, kona kwa kona. "Yule kijana wa gitaa, yule wa kushoto," akasema, "waya wake mmoja umelegea. Mtu angemwambia." Nikamuuliza, "Baba, ulinisikia nilichosema?" "Nilisikia." Tukangoja lori moja lipite, likafuatwa na la pili. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Mimi Kiswahili changu ni cha barabarani, hiyo mwamba ningeitoa wapi? Ni wewe ulikuwa unasoma." Nikaanza kusema sijui nini, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa. Akanigusa mkono ninyamaze, bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa nayo. "Mbele ya watu, hapana, sikutegemea useme," akasema. "Nilikuwa nangoja umwambie mamako. Mwaka mzima nilingoja. Nikirudi jioni naangalia uso wake, naona bado. Halafu nikaacha kuangalia." Barabara ikawa wazi. Akanipa blanketi nimshikie, akatangulia kuvuka.